Darsa la Ramadhani, siku ya 17: Kopo limeisha, mwezi haujaisha

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Leo ni 17 Ramadhani, na kila mwaka tukifika tarehe hii tunazungumza habari za Badr. Waislamu 300 na kidogo, mbele yao jeshi la watu karibu 1,000. Wengi wenu mtaisikia leo baada ya taraweh, na masheikh wetu wanaieleza vizuri kuliko mimi. Kwa hiyo mimi nachukua kona moja tu ya Badr, ile ambayo huwa tunaipita mbio. Ni habari ya mtu ambaye hakwenda.

Sayyidna Uthman bin Affan hakuwepo Badr. Hakuogopa, wala hakuchelewa. Mkewe Bibi Ruqayya, binti wa Mtume (s.a.w.), alikuwa mgonjwa, na Mtume mwenyewe ndiye aliyemwambia abaki Madina amuuguze. Habari za ushindi zilipofika mjini, Bibi Ruqayya alikuwa ameshafariki. Lakini Mtume (s.a.w.) alimhesabia Uthman ujira wa mtu aliyehudhuria Badr, na fungu lake katika ngawira akapewa kamili. Hadithi hii imo katika Sahihi Bukhari.

Hebu simama hapo kidogo. Mtu amekaa nyumbani anampepea mgonjwa, anampa maji, anamgeuza upande wa pili, na jina lake linaandikwa pamoja na watu wa Badr. Basi na mimi leo nataka tuzungumze habari ya kuuguza, na hasa kile kipande chake ambacho hatukisemi msikitini: hela ya dawa.

Mwezi huu mtukufu una jambo moja, wallahi, nalo ni kwamba unaficha. Miezi mingine mtu mwenye presha au sukari asipomeza dawa mchana, kuna wa kumuuliza. Mjukuu atasema, bibi mbona hujameza? Ramadhani hakuna anayeuliza. "Nimefunga" ni jibu tosha. Sasa yuko mama ambaye alikwenda kwa daktari mwezi wa Shaaban, akapangiwa upya, kidonge cha mchana kikahamia usiku. Huyo anasema nimefunga, na ni kweli. Na yuko mama wa nyumba ya pili yake ambaye kopo lake liliisha tangu tarehe 5. Naye anasema nimefunga, na ni kweli vilevile. Maneno ni yale yale. Huwezi kuwatofautisha kwa sauti, wala kwa sura wakati wa futari.

Na kabla kopo halijaisha kabisa, kuna mambo tunayafanya. Kidonge kinakatwa nusu. Kinamezwa siku moja, siku ya pili kinarukwa. Mzee na mkewe wote wana presha, basi wanachangia kopo moja, wakati daktari aliwaandikia dawa tofauti kwa sababu zake. Mtoto kaandikiwa dawa ya siku 7, siku ya 3 homa imeshuka, zilizobaki zinawekwa kabatini kwa ajili ya mdogo wake siku akiugua. Na lile la dukani, tunalijua wote: "Nipe za elfu mbili." Si kwa siku ngapi, si kwa dozi gani. Za elfu mbili.

Presha haiumi, na tabu yake iko hapo. Njaa utaisikia saa kumi jioni, na kiu utaisikia kabla ya hapo. Jino likiuma utakopa hela usiku huo huo. Presha inapanda kimya kimya wakati wewe unapika maandazi, mpaka siku mdomo unapinda upande mmoja na mkono haunyanyuki. Hapo ndipo ukoo mzima unachangishana kwa ajili ya hospitali, hela ambayo ingenunua vidonge vya miaka.

Sasa tuangalie dini yetu inasemaje, maana wapo wanaodhani kuacha dawa ni aina ya subira.

Katika Suratul Baqara, aya ya 184 na ya 185, aya zile zile zinazotufaradhishia funga, Mwenyezi Mungu amemtaja mgonjwa mara mbili na kumruhusu ale, kisha alipe siku nyingine. Na akatujulisha kwamba anatutakia wepesi. Fikiri maana yake. Nguzo ya dini imesogezwa pembeni kwa ajili ya mwili wa mja aliyeugua. Mwili wenye hadhi hiyo mbele ya Mola wake, wewe unaukatia kidonge nusu? Na Mabedui walipomjia Mtume (s.a.w.) kumuuliza kama watafute tiba, aliwaamrisha watibiwe, akawaeleza kwamba hakuna maradhi ambayo Allah hakuyawekea dawa, isipokuwa uzee. Kwa hiyo kutafuta dawa ni kufuata amri. Hakupunguzi tawakkul.

(Nipitishe hapa neno moja kwa wenye sukari. Sindano ya insulini, kwa kauli ya wanazuoni wengi wa zama zetu, haifunguzi, kwa kuwa si chakula wala haichukui nafasi ya chakula. Kujitoboa kidole kupima sukari nako hakufunguzi. Na ukipima ukaona sukari imeshuka sana, fungua hapo hapo, usingoje adhana. Lakini kama unafunga au hufungi, na dozi igawanywe vipi baina ya futari na daku, hilo mwachie daktari wako.)

Nije kwako sasa wewe ambaye kopo limeisha. Nakuandikia wewe hasa, na najua unasoma, na najua hutajibu.

Kinachokuzuia si kukosa njia peke yake. Ni haya. Umelelewa kwamba mtu mzima haombi, na malezi hayo ni mema, yana asili katika dini. Wapo masahaba waliompa Mtume (s.a.w.) ahadi ya kutomwomba mtu kitu chochote, hata ikawa fimbo ya mmoja wao ikimponyoka akiwa juu ya mnyama anashuka mwenyewe kuiokota, hamwambii mtu nipe. Na Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara, aya ya 273, amewasifu mafukara ambao asiyewajua huwadhani matajiri kwa jinsi wanavyojizuia. Hawang'ang'anii watu. Utawajua kwa alama zao tu.

Lakini angalia aya ile inamwambia nani. Imekuja katika maneno juu ya kutoa. Anayesemeshwa ni mwenye mali: nenda ukawatafute hao, jifunze kuzisoma alama zao. Haikuteremka ili fukara aambiwe kaa kimya mpaka ufe.

Na ipo hadithi nyingine ambayo naona hatuifundishi vya kutosha, hadithi ya Qabisa bin Mukhariq katika Sahihi Muslim. Huyu Qabisa alibeba dhamana ya mali ili kusuluhisha watu waliogombana, ikamwelemea, akaja kwa Mtume (s.a.w.) kuomba msaada. Hakukemewa. Aliambiwa akae mpaka sadaka ifike, ataamriwa apewe. Kisha Mtume akamfundisha kwamba kuomba ni halali kwa watu wa aina tatu. Wa kwanza ni aliyebeba dhamana kama yeye. Wa pili ni aliyepatwa na janga likaangamiza mali yake. Wa tatu ndiye ninayemtaka leo: mtu aliyefikwa na ufukara, mpaka watu watatu wenye akili katika jamaa zake wakathibitisha kwamba kweli fulani amefikwa na ufukara. Huyo kuomba kwake ni halali, mpaka apate cha kumsimamisha. Akishasimama, anaacha.

Soma tena hapo penye watu watatu. Mtume (s.a.w.) hakumwambia fukara ajitetee peke yake. Aliweka mashahidi, watu wa karibu, wenye akili, wanaoijua nyumba yake. Sasa jiulize, ukienda hospitali ya serikali ukaambiwa kalete barua ya mjumbe, ikapite kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, uje nayo kwa afisa ustawi wa jamii, umeambiwa nini? Umeambiwa leta mashahidi wako. Wengi mnaiona barua ile kama fedheha, kwamba sasa mtaa mzima utajua. Mimi naiona ina harufu ya hadithi ya Qabisa. Tena mjumbe wako anajua siku nyingi, hata kabla hujamgongea.

Na kuna jambo jingine. Mengine ya haya wala si kuomba. Ni haki. Kwa sera ya afya ya nchi yetu, mtoto wa chini ya miaka 5, mama mjamzito, na mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo, wamewekewa msamaha wa kuchangia matibabu katika vituo vya serikali. Dawa za kifua kikuu na dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ni bure. Mtu anayekwenda kuchukua haki yake hainamishi kichwa. Mzee anaingia, anasema shikamooni au anapokea shikamoo, anakaa kwenye benchi la wazee, anatoa kitambulisho chake.

Najua utaniambia, sheikh, haki ipo kwenye karatasi lakini dirishani wanasema dawa hakuna, kanunue nje. Ni kweli inatokea, tena sana. Basi nikueleze la kufanya, kwa sababu wengi wakisikia "kanunue nje" wanageuka, wanakwenda nyumbani, na cheti kinabaki kwenye mkoba mpaka karatasi inafutika.

Usitoke kwanza. Uliza dirishani dawa itaingia lini. Kisha rudi kwa daktari aliyekuandikia, hata kama foleni imeanza upya, umwambie dawa hii hapa haipo, je ipo nyingine ya kazi ileile ambayo dirishani wanayo? Mara nyingine ipo. Daktari aliandika bila kujua stoo kuna nini.

Halafu kuna sentensi moja ambayo ningependa kila mgonjwa aihifadhi kama anavyohifadhi dua ya kuingia msikitini. Mwambie daktari: "Hela yangu ya dawa kwa mwezi ni hii. Katika hizi, ipi nisiikose kabisa?" Itaje hiyo hela. Usione haya. Daktari anakuona umevaa kanzu safi au buibui zuri, hawezi kujua kwamba nyumbani mmelala na uji. Ukinyamaza, ataandika dawa 6. Utafika dukani, utanunua ile ya bei ndogo, na ile ya bei ndogo huenda ni vitamini, na dawa ya kukulinda na kiharusi umeiacha kwenye kaunta. Ukimwambia, atakupangia. Atakata kinachokatika, atakuachia kinachookoa maisha, na pengine atakuandikia ya kumeza mara 1 kwa siku, ambayo hata kwa funga ni nafuu.

Ukifika famasi, ujue kwamba dawa ina majina mawili. Kuna jina la dawa yenyewe na kuna jina alilolipa mwenye kiwanda. Panadol ni jina la kiwanda, dawa iliyomo ndani ni paracetamol, na viwanda vingine vinaitengeneza paracetamol ileile kwa majina mengine na kwa bei nyingine. Ndivyo ilivyo kwa dawa nyingi za presha na sukari. Amlodipine ni amlodipine, metformin ni metformin. Boksi la rangi nzuri lililotoka mbali linaweza kuwa ghali mara kadhaa kuliko boksi la kawaida, na ndani ni dawa ileile, kipimo kilekile, imesajiliwa na mamlaka ileile, TMDA. Kwa hiyo muulize mfamasia: hii kwa jina lake la dawa, ipo ya bei nafuu? Na uulize maduka mawili matatu, bei hazilingani. Kwenye nyanya tunazunguka soko zima kwa ajili ya shilingi 200, kwenye dawa tunalipa bei ya kwanza tuliyotajiwa kwa sababu tunaogopa kuonekana hatuna.

Lakini usibadilishe dawa kwa dawa kwa kichwa chako. Amlodipine na losartan zote ni za presha, na wala si dawa moja. Jirani kupona kwa dawa yake si cheti chako. Na dawa ya bei poa inayouzwa kwenye begi stendi, au kwenye meza ya mnada juani, hiyo achana nayo hata kama ni nusu bei. Duka liwe limesajiliwa.

Kwenye hospitali kubwa tafuta chumba cha ustawi wa jamii. Kipo, ila hakina foleni ya kukuonyesha kilipo, itabidi uulize. Nenda asubuhi, na uwe na cheti chako, kitambulisho, na ile barua. Eleza mambo kama yalivyo, usiongeze wala usipunguze. Unaweza kusamehewa yote, au sehemu, au ukapangiwa ulipe kidogo kidogo. Mwenye mtoto wa kisukari kile cha kudungwa sindano, uliza kliniki ya kisukari ya watoto katika hospitali ya mkoa wako: Tanzania imo katika mpango unaoitwa Changing Diabetes in Children, unaowapa watoto insulini bila malipo. Wapo wazazi wanaouza vitu vya ndani kununua insulini, na mpango huu hawajapata kuusikia.

Na bima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023. Nenda ofisi ya mtendaji wa kata uulize utaratibu na kiwango cha kaya yako, ukiwa mzima. Bima haina maana ukiikumbuka wodini. Nasema haya nikijua kwamba mwezi huu huu tunaanza kuhesabu nguo za Idi.

Sasa nigeuke kwako wewe ambaye kopo lako halijawahi kuisha.

Nianze na lililo karibu. Dawa za mama yako si zaka. Dawa za baba yako si zaka. Kila Ramadhani kuna anayeuliza: sheikh, nimetoa laki mbili nimemnunulia mzee dawa, naweza kuihesabu katika zaka yangu? La, ndugu yangu. Mzazi asiye na kitu, matunzo yake ni wajibu wako wewe mwenye uwezo, na tiba ni katika matunzo. Hilo ni deni lako, na zaka ni deni jingine. Huwezi kulipa madeni mawili kwa noti moja. Ila kaka, dada, shangazi, mjomba, binamu, ambao huna wajibu wa kuwatunza, hao wakiwa na haja unawapa zaka, na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba sadaka kwa jamaa inahesabiwa mara mbili, kama sadaka na kama kuunga udugu. Tena shangazi yako hatakwambia. Utamwona tu anasema "siku hizi dawa zinanichosha, nimepumzika kidogo." Hiyo ndiyo alama ya aya ya 273. Hakuna anayepumzika dawa ya presha. Muulize kopo liko wapi. Usimuulize kwa simu, nenda ukalione.

Mgonjwa hakutajwa kwa jina katika mafungu 8 ya zaka yaliyomo katika Suratut Tawba, aya ya 60. Tajiri akiugua hapewi zaka. Anayepewa ni fakiri na maskini, na dawa imo katika mahitaji yake kama unga na kodi ya chumba. Na yule aliyekopa dawa dukani mpaka daftari limejaa anaingia kwa mlango wa wenye madeni. Mpe hela mkononi mwake, iwe mali yake. Kama unaona ni bora ukalipe mwenyewe famasi, mwombe ruhusa kwanza, akuwakilishe, ili uwe umelipa mali yake kwa niaba yake. Zakatul fitri usiiguse kwa jambo hili. Ile, kwetu sisi Mashafi'i, ni chakula, iende ikiwa mchele au unga, siku yake na kwa watu wake.

Kuna tabu moja ya zaka tunavyoitoa sisi. Tunaimwaga yote Ramadhani. Mgonjwa wa presha anahitaji vidonge Ramadhani, na Safar, na Rajab. Ukimpa laki moja leo, kesho kuna daftari la Mangi, keshokutwa ada ya shule, na wala simlaumu. Afadhali mara mia ungechukua mgonjwa mmoja, ukajua dawa yake kwa jina, ukajua kopo linaisha tarehe ngapi, ukawa unalijaza kila mwezi kwa sadaka yako ya kawaida mwaka mzima. Vidonge vya presha vya kawaida, vile visivyo na jina kubwa, havifiki gharama ya futari moja ya kualika wageni. Nimeziona baadhi ya futari hizo. Sambusa zinabaki.

Waliotutangulia walilijua hili. Sultan Qalawun alipojenga hospitali yake Cairo, mwaka 1284, hakujenga kuta akaondoka. Aliweka wakfu, mali zenye mapato, ili mapato hayo yanunue dawa na chakula cha wagonjwa, tajiri na maskini, mwaka baada ya mwaka. Na hapa kwetu, ukienda Muhimbili utaliona jengo la Sewa Haji. Watu wanalitaja kila siku, "kalazwa Sewa Haji", wala hawaulizi ni nani. Alikuwa Mwislamu, mfanyabiashara wa Bagamoyo, aliyefariki 1897, na fedha zake ndizo zilizojenga hospitali ya mwanzo ambayo Muhimbili imetokana nayo. Zaidi ya miaka 120, na wagonjwa bado wanamtaja.

Na ukisaidia, usipige picha. Dawa inasema ugonjwa wa mtu. Cheti kina jina, kina umri, na mwenye kuelewa akikisoma anajua mara moja huyu anaumwa nini. Kumweka mtu kwenye grupu na cheti chake, "ndugu zangu tumchangie", hata kwa nia njema, umemvua nguo mbele ya watu 400. Wapo waliokosa dawa zao za kila siku si kwa sababu zinauzwa, hizo ni bure, bali kwa sababu waliogopa kuonekana kwenye dirisha lile. Tusiwaongezee.

Kwa hiyo hapa kwetu utaratibu ni huu. Kuanzia leo mpaka 27 Ramadhani, baada ya taraweh, chumba cha nyuma cha madrasa kitakuwa wazi. Wanaume watampata mmoja wa wazee wa kamati, kina mama watapokewa na mama mwenzao kwa mlango wa upande wa kisima. Anaingia mtu mmoja mmoja. Njoo na cheti, na kama cheti kimepotea njoo na kopo lenyewe, hata likiwa tupu, jina la dawa limeandikwa ubavuni. Asiyeweza kutembea, atume mtoto na kopo. Mwenye kuhitaji barua ya mtaa atasindikizwa Jumatatu, na mwenye kuhitaji mtu wa kwenda naye ustawi wa jamii atapatiwa. Anayetaka kuchukua mgonjwa wa kumjazia kopo kila mwezi amwone mweka hazina, atapewa jina la dawa na tarehe. Jina la mgonjwa hatapewa, mpaka mgonjwa mwenyewe aridhie.

Ewe Mola, wape shifaa wagonjwa wetu, waliolazwa na walioko majumbani, na wale ambao hawajatuambia.

Na ukiona kwenye kopo vimebaki vya siku 3, usingoje viishe. Njoo navyo usiku wa leo.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.